Nyuki Wasiotoka Mzingani

Wiki niliyostaafu, vijana wawili wa ofisi yetu walikuja nyumbani kuniaga. Waliona madaftari yangu ya shambani yamejaa boksi la sabuni, wakaanza kuyafunua, wakaucheka mwandiko wangu, kisha wakaniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa zamani. Nikawauliza wanataka kujua nini hasa. Mmoja akasema, "Mama, tueleze ulivyopanda vyeo." Hilo nililikataa pale pale. Kupanda cheo hakuna hadithi: unaletewa barua, unaisoma, unairudisha kwenye bahasha, kesho yake unavaa buti zile zile. Badala yake nitawaandikia kosa nililolifanya nikiwa sina hata miezi mitatu Mbozi. Kosa lile lilinifundisha kazi kuliko chuo, na nusura limchomee mzee wa watu mizinga yake yote.

Nilianza kazi Iringa, miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Nilitoka chuo cha kilimo na cheti, buti mpya za mpira na kiburi cha kutosha watu watatu. Nilitegemea kupewa shamba, nikapewa chumba. Kilikuwa nyuma ya bohari ya mbegu, juu kabisa mlimani, ambako upepo hupiga mabati mchana kutwa. Ndani yake aliishi Mzee Hamisi, mtunza wadudu wa ofisi. Nasema aliishi kwa sababu sikumwona akitoka ila kwenda kuswali. Wazee wake walitoka pwani zamani kwa biashara, yeye akazaliwa pale pale mjini, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado kina chumvi ya huko, na mimi Mnyakyusa wa Tukuyu mara nyingi nilimwomba arudie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye bwana shamba mpya?"

"Ndiyo, mzee."

"Hawakunambia kama bwana shamba ni binti. Haya, si neno. Keti."

Alinisogezea sinia lililojaa wadudu wakavu. "Nitengee nyuki kando, na wasio nyuki kando. Miye naenda kuswali adhuhuri. Nikirudi uwe umekwisha."

Nilimaliza kabla hajavuka uwanja. Kila chenye milia ya njano na nyeusi nilikiweka kwa nyuki, vingine nikavisukuma upande wa pili, nikakaa nikisubiri kusifiwa. Mzee aliporudi alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akachukua kibano, akaanza kuwahamisha nyuki wangu mmoja mmoja. Walikuwa kumi na tisa. Walibaki sita.

"Hawa wengine ni nzi," akasema. "Umetazama rangi, mwanangu. Rangi ni nguo, kila mtu aweza kuivaa. Hesabu mbawa: nzi ana mbili, nyuki ana nne. Kisha tazama papasi za kichwani, vile vinyuzi viwili. Kisha mdomo. Ukisha yote hayo ndipo useme jina. Kabla ya hapo sema, 'Sijui.'"

"Nikisema sijui, mzee, watu wataniona mjinga."

"Watakuona. Kwa siku mbili tatu."

Nilikaa naye mwaka mzima na zaidi. Alinifundisha kushona wavu kwa kipande cha chandarua na waya wa ndoo, mpini wake mwanzi. Alinipa kioo cha kukuzia, nikakivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Alinikataza kuandika shambani kwa kalamu ya wino, kwa sababu mvua ikinyesha wino hutiririka na maneno yote yanageuka bahari, lakini penseli hubaki. Ninyi mnaoandika kwenye simu mtaniambia siku betri ikiisha mnafanyaje.

Kisha nikahamishiwa Mbeya, upande wa kahawa. Nilisafiri na lori la mbegu, mimi nikiwa mbele na dereva, sanduku langu la wadudu mapajani kama mtoto mchanga. Lori likaharibika Chimala, tukakaa pale siku mbili tukila wali mtamu kuliko wote niliowahi kula, na dereva hakuonyesha haraka yoyote ya kupata kipuri. Siku ya tatu tukafika Mbeya, na wiki iliyofuata nikapewa baiskeli nzito kama ng'ombe na kata nzima huko Mbozi ya kuzungukia.

Huko watu hawakuwahi kumwona bwana shamba mwanamke. Wangeweza kuniita bibi shamba, lakini kwao jina la kazi lilikuwa moja, nao hawakuona sababu ya kulibadilisha kwa ajili yangu. Basi watoto wakinikuta njiani walisimama mstari na kusema kwa sauti moja, "Shikamoo, Bwana Shamba!" Nilijaribu kuwasahihisha kwa wiki moja, nikaacha.

Kati ya vijiji vyangu kulikuwa na kimoja ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa wajukuu wa wahusika wapo na wanasoma. Kijiji kilikuwa kipya, watu wameletwa pamoja kutoka milima mitatu, kila mmoja bado anamtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Kitu kimoja tu kilikuwa chao wote: kitalu cha miche ya kahawa, bondeni kando ya kijito. Walikipalilia kwa zamu, walikimwagilia kwa zamu, na kila kaya ilikuwa na mstari wake wa miche inayongoja mvua za kwanza ili ipandwe. Wengine walikuwa hawajapanda mbuni maishani mwao. Mtu akikwambia habari za mche wake utadhani anasimulia mtoto aliyeanza shule.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Ndugu Mgala, mtu mrefu, mwenye suti ya kaki iliyopigwa pasi hata siku ya kuchimba mtaro. Ng'ambo ya kijito, juu ya kitalu, aliishi Mzee Simbeye, mfuga nyuki. Mizinga yake ya magogo ilining'inia kwenye miti, kama kumi na mitano hivi. Alikuwa mtu wa maneno machache, hana mke tena, watoto wake wamehamia mbali, na watu walimwona mwenye maringo kwa sababu alizungumza na nyuki kuliko alivyozungumza na majirani.

Siku nilipoitwa, nilimkuta Ndugu Mgala amesimama kitalu kizima kimemzunguka, yaani watu wote wa zamu. Miche mingi ya mstari wa juu ilikuwa imebaki vijiti. Majani yameliwa hadi kwenye mshipa.

"Ndugu Bwana Shamba," akasema, "wanaokula tumewaona. Ni viwavi. Na anayewaleta viwavi tumemwona pia. Ni nyuki wa Simbeye."

"Nyuki?"

"Wakubwa, wale wakuu wa mzinga. Mchana jua likiwaka wanakuja hapa, wanasimama hewani juu ya mche, wanagusa jani kwa mkia, wanaondoka. Siku chache baadaye pale pale pana kiwavi. Mama Edina, si uliona?"

Mama Edina, mke wake, alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho makali kama sindano. "Niliona mara nne," akasema. "Anagusa, anaacha kitu kama punje ya ulezi ya kijani. Mimi si mtoto."

Nilipenda kuwaonyesha kwamba nimesoma. Nikawaeleza, kwa sauti ya darasani, kwamba nyuki hutaga ndani ya mzinga tu, kwenye masega, na kamwe hawezi kutaga kiwavi juu ya jani la kahawa. Nikiwa katikati ya somo, mmoja akapita. Alivuma juu ya vichaka vya maua ukingoni mwa kitalu, mnene, mgongo wa kijani-njano, kiuno chekundu-kahawia, mbawa hazionekani kwa kasi.

"Huyo! Huyo!" watu wakapiga kelele. "Ni nyuki au si nyuki?"

Nilitupa jicho, hatua thelathini. "Ndiyo, huyo ni nyuki," nikasema, "lakini siye anayeleta viwavi."

Vijana, mkizungumza mbele ya mkutano, jueni kwamba watu hubeba nusu ya kwanza ya sentensi na nusu ya pili huiacha pale pale. Kabla sijapanda baiskeli, habari ilikuwa imeshavuka kijito: mtaalamu wa serikali amethibitisha, ni nyuki. Na kwa kuwa walijua kwa macho yao kwamba mdudu yule ndiye anayetaga, wakajumlisha wenyewe. Jumatano jioni mkutano wa kijiji ukakata shauri kwamba Jumamosi asubuhi mizinga ya Simbeye ichomwe yote.

Mimi nilipata habari Alhamisi, kutoka kwa Mzee Simbeye mwenyewe. Alitembea kutoka kijijini hadi nilipopanga, akakaa kwenye kizingiti, akakataa kiti.

"Nimekuja kuuliza, mwanangu," akasema. "Umesema wale ni nyuki wangu?"

"Nilisema ni nyuki, baba. Sikusema ndio wanaoleta viwavi."

"Si nyuki." Hakupandisha sauti. "Mimi niko na nyuki toka nikiwa na babu yangu. Nyuki wangu akitaka ua anakaa juu yake. Huyu hakai. Anasimama hewani anakunywa, kama anaogopa kuchafua miguu. Nimewaambia mkutanoni. Wakasema, 'Bwana Shamba amesoma, wewe umesoma wapi?'"

Alikuwa amemtazama mdudu yule kuliko mimi, na yeye hana cheti. Nikamwambia, "Baba, sijui yule ni nani. Kesho nitajua." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema sijui tangu nifike Mbozi, na ulimi ulikuwa mzito.

Ijumaa nilifika kitaluni na wavu kabla jua halijapata moto. Nilingoja mpaka karibu saa tano. Alipokuja, nilimkosa mara mbili, mara ya tatu nikaanguka kwenye mtaro lakini wavu ukawa na mtu ndani. Niliingiza mkono wavuni, ingawa mwili haukuamini kitu ambacho kichwa kilikuwa kimeanza kukishuku. Nikamshika. Alivuma, alipiga kelele, alinisukuma vidole kwa nguvu ya kushangaza. Hakuuma. Niliminya tumbo kidogo. Hakuna mwiba. Mwisho wa mkia palikuwa na kishungi cheusi cha manyoya, kimefunguka kama ufagio.

Nikavuta kioo changu shingoni. Mbawa nne, safi kama kioo cha dirisha, lakini pembeni zina vumbi la magamba madogo. Papasi za kichwani nene, zimenenepa zaidi kuelekea mwisho. Na mdomo ulikuwa mrija mrefu uliojikunja kama springi ya saa. Nyuki gani ana mrija? Nilikaa chini kwenye mtaro ule ule nilioangukia, nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Alikuwa nondo. Nondo anayeruka mchana kweupe, amejivika sura ya nyuki ili ndege wamwogope. Na Mama Edina alikuwa ameona sawasawa: ni yeye anayetaga. Wanakijiji walikuwa sahihi katika kila kitu isipokuwa jina, na jina nililitia muhuri mimi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Ndugu Mgala. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitengeneza kola.

"Juzi ulisema ni nyuki," akasema. "Leo unasema ni nondo. Kesho utakuja kutuambia ni ng'ombe?"

"Nilikosea, Ndugu Mwenyekiti. Nilimtazama kwa mbali."

"Na leo umemtazama kwa karibu?"

"Huyu hapa."

Alimtazama kwenye chupa ndogo niliyomtia. "Mimi naona nyuki."

"Hana mwiba."

"Umemng'oa."

Hapo nikaona kwamba maneno hayatatosha, maana yangu yalikuwa yameshuka bei. Nikamwomba jambo moja. Tuchukue viwavi kutoka kitaluni, yeye mwenyewe awachague, tuwafungie ndani ya chupa kubwa, wale majani humo mpaka wageuke. Kikitoka kitu kama hiki, basi watu watajua kinatoka kwenye kiwavi na udongo, hakitoki mzingani. Kikitoka kitu kingine, mimi mwenyewe nitashika kiberiti. Wakati huo huo, kila asubuhi watu waokote viwavi kwa mkono, kwa kuwa bomba la dawa la kijiji mpira wake ulikuwa umepasuka, na dawa yenyewe ingewaua nyuki wa kweli.

Mama Edina, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Mizinga haina miguu, Baba Edina. Ukitaka kuichoma mwezi ujao utaikuta."

"Mpaka mvua ya kwanza," Ndugu Mgala akasema. "Na chupa inakaa nyumbani kwangu."

Tulipata chupa kubwa ya peremende dukani. Nikaweka udongo na majani makavu chini, tawi la kahawa juu, na mwenyekiti akachagua viwavi saba wanene, wa kijani, kila mmoja na kipembe chake mkiani. Mdomo wa chupa ukafunikwa chandarua, ukafungwa kamba, na juu ya fundo akabandika karatasi, akaigonga mhuri wa kijiji. Nimefanya kazi miaka mingi, sijawahi tena kuona viwavi wakiwekwa chini ya mhuri. Kwa kuwa walihitaji majani mapya kila siku, kila asubuhi karatasi ilikatwa, majani yakabadilishwa mbele ya mashahidi wawili, na mhuri ukagongwa upya. Katibu alilalamika kwamba wino wa kijiji unaishia kwenye wadudu.

Siku za mwanzo Ndugu Mgala aliwatazama viwavi kama mahabusu. Baada ya wiki nilimkuta amewachagulia majani machanga mwenyewe. "Huyu wa pembe nyekundu hali vizuri," akaniambia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayezungumzia mkwe. Kisha mmoja baada ya mwingine wakabadilika rangi, wakashuka, wakajifukia kwenye udongo, na chupa ikabaki na tawi tu.

"Wamekufa," watu wakasema. "Bwana Shamba amewazika."

Nilisema wamelala. Lakini sikuwahi kumfuga mdudu yule, na sikujua analala siku ngapi kwenye baridi ya Mbozi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mawingu yakaanza kukusanyika mchana upande wa Rungwe. Nilikuwa napita pale kila nilipopata nafasi, nachungulia udongo usiosema kitu, kisha navuka kijito kumsalimia Mzee Simbeye. Hakuwahi kuniuliza. Alikuwa anatengeneza mizinga mipya, anachimbua magogo kwa tezo yake, kama mtu asiyejua kuwa ile ya zamani inahesabiwa siku. Mara moja tu alisema, "Hata wakichoma, mwanangu, nyuki watarudi. Mimi ndiye sitakuwa na pa kuwakaribisha." Nilirudi na baiskeli nikiisukuma, sikuipanda.

Walau kitalu kilikuwa kinapona. Kuokota viwavi kumbe kulikuwa kazi ya kupendwa. Akina mama walishindana, mstari kwa mstari, nani amejaza kopo. Watu wa milima mitatu waliokuwa hawasalimiani wakaanza kutaniana kuhusu viwavi. Majani mapya yakachipua.

Ilikuwa siku ya gulio, saa nne asubuhi, niko karibu na wauza nyanya, niliposikia Mama Edina ananiita kutoka ng'ambo ya uwanja kwa sauti ya kuita moto.

"Bwana Shamba! Mmoja ametoka! Ametoka!"

Gulio lote lilihamia kwa mwenyekiti. Chupa ilikuwa mezani uani, mhuri haujaguswa, na juu ya tawi alikuwa amepanda mdudu mbichi, ananyoosha mbawa. Nikapenya watu, nikainama, na moyo ukaanguka mpaka kwenye buti. Mbawa zake hazikuwa kioo. Zilikuwa za kijivu, zimefunikwa kama unga, huoni kitu upande wa pili.

"Siye!" mtu mmoja akasema nyuma yangu. "Yule ana mbawa za kioo. Huyu ni kipepeo tu."

Kicheko kikaanza. Ndugu Mgala alinitazama, na naapa alikuwa na huzuni, maana alikuwa ameshawazoea. "Sasa, Ndugu Bwana Shamba?"

"Sijui," nikasema. "Tungoje."

Mzee Simbeye alikuwa amekuja, amesimama mwisho kabisa wa umati, kofia mkononi. Tulingoja. Mdudu alikauka. Kisha akaanza kutetema, pole pole kwanza, kisha kwa kasi, mlio ukapanda ule ule wa kitaluni, na ndani ya chupa likatoka wingu dogo la vumbi. Unga wote ulipukutika. Ulishuka juu ya majani kama majivu. Alipotulia, mbawa zake zilikuwa safi, na kupitia kwazo niliona maua ya kitenge cha Mama Edina.

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja akasema, "Mwe! Amevua nguo mbele ya watu!" na hapo ndipo ua mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Bado mwiba," Ndugu Mgala akasema, akiinua mkono watu wanyamaze. Akaukata mhuri wake mwenyewe. Mzee Simbeye alisogea mbele. "Niachie mimi, Mwenyekiti, mimi nimezoea kuumwa."

"Hapana," akajibu. "Mimi ndiye niliyeshtaki."

Akakunja mkono wa suti ya kaki, akafumba macho, akaingiza mkono mzima ndani ya chupa. Mdudu akamgonga kiganja, akamzunguka vidole, akavuma kama pikipiki. Jasho lilimtoka mwenyekiti kwenye paji. Kisha akafumbua jicho moja, akafumbua la pili. "Ananitekenya," akasema kwa mshangao. Mdudu akapanda kwenye kidole chake, akatoka nje, akainuka juu ya vichwa vyetu, akaelekea moja kwa moja kitaluni.

"Anakwenda kutaga!" Mama Edina akapiga kelele. "Mnasimama mnatazama nini?" Na gulio zima likamkimbilia na makapu. Hatukumpata.

Mvua zilipokuja miche ikapandwa, kaya kwa kaya. Mizinga haikuguswa. Mwenyekiti alimwendea Mzee Simbeye mchana, mbele ya watu, akamwomba radhi kwa maneno ya kawaida, akamwomba pia mzinga mmoja utundikwe karibu na shamba lake mwenyewe, maana nilikuwa nimewaeleza kwamba kahawa ikichanua nyuki husaidia. Safari hii niliwaeleza kwa sentensi fupi.

Lakini mimi pia nilikuwa na radhi ya kuomba, na niliichelewesha kwa sababu ya aibu. Nilikwenda kwake siku moja alasiri. Nikampigia magoti kama kwetu Tukuyu.

"Baba, nilisema neno sikulipima. Nisamehe."

"Wewe ulisema ulichoona."

"Sikuona, baba. Nilitupa jicho tu."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaingia ndani akatoka na kienge cha majani makavu na kitambaa cha kujifunika uso. "Basi leo utaona. Ninarina mzinga wa chini. Mwite na Mwenyekiti, naye aje awajue."

Ndugu Mgala alikuja, amevaa suti. Mzee Simbeye alitukataza kukimbia, akawasha kienge, akapanda. Nilishika ndoo chini ya mti. Wa kwanza aliniuma sikioni.

"Huyo ni nani?" Mzee Simbeye akauliza kutoka juu.

"Nyuki, baba!"

"Una hakika?"

"Nina hakika!"

Wa pili shingoni, wa tatu kwenye kope. Kila nilipopiga kelele aliniuliza jina, nami nikamjibu, na ndoo ikazidi kuwa nzito kwa masega. Kisha nikasikia mlio wa mtu mzima, na nilipogeuka Ndugu Mgala alikuwa tayari anateremka bondeni, koti la kaki limepepea nyuma yake, wingu la nyuki juu ya kichwa.

"Mwenyekiti, simama!" Mzee Simbeye akaita, akicheka mpaka kienge kikamponyoka. "Ukikimbia wanakufuata!"

Sauti ilirudi kutoka kijitoni, katikati ya maji yaliyokuwa yanarushwa huku na huku.

"Hawa ni wako, Simbeye! Hawa nimewatambua!"